Heshima ya Mchekeshaji: Safari ya Mandewa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Singida kwa barabara hukata kilomita 700 hivi, na katika mwendo huo nchi humgeukia sura baada ya sura: minazi humuaga Kibaha, milima ya Uluguru humlaki Morogoro, mashamba ya zabibu ya Dodoma humthibitishia kuwa hata ardhi kavu ina ukarimu wake, kisha mbuga za Bahi hutandaa mpaka gari lianze kuparamia ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Kuanzia hapo upepo ndio mwenyeji. Huvuma juu ya alizeti za Ikungi na Puma, hupenya baina ya majabali makubwa yaliyobebana, na humpokea mgeni katika stendi ya Misuna pamoja na wauzaji wa mafuta ya alizeti katika madumu na wa kuku wa kienyeji, ambao sifa yao imefika kila mji wa nchi hii.

Safari yangu ilikuwa na shauri mahsusi. Walimu na vijana wa Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida ambayo watu wa mbali huijua zaidi kwa hospitali ya rufaa ya mkoa iliyojengwa huko, walikuwa wameazimia kumfanyia taadhima mzee mmoja wa mtaa wao, mchekeshaji mstaafu aliyetumia ujana wake wote katika majukwaa ya Dar es Salaam kisha akarejea kwao kimyakimya kulima. Na kwa kuwa waliwahi kusikia kwamba nimeshughulika nyuma ya mapazia katika hafla za namna hiyo, wakaniomba nije niwasaidie kupanga mambo. Jina la mzee silitaji, kwani mwenyewe alinisihi nisiliandike.

Nilikubali upesi kuliko desturi yangu, na sababu yake ni kumbukumbu niliyokuwa nayo moyoni tangu zamani. Katika hafla moja jijini Dar es Salaam, ambapo wazee kadhaa wa sanaa walikuwa watunukiwe nishani, niliachiwa kazi ya kuwatunza katika chumba cha nyuma hadi waitwe. Alikuwamo mchekeshaji mmoja mwenye umri mkubwa, ambaye hadhira ilizoea kumwona katika suruali pana iliyofungwa kwa kamba. Usiku ule alikuwa amevaa suti, ameketi wima, mikono juu ya magoti, na kila baada ya muda akiniuliza kwa sauti ya chini kama tai imekaa sawa. Nikamjibu kuwa imekaa. Mara akaingia mkubwa mmoja pamoja na wageni wake, akasema kwa bashasha, "Mzee, hebu tuchekeshe kidogo kabla hujatoka!" Yule mzee akainuka, akaupindisha uso wake namna ile inayojulikana, wageni wakaangua kicheko, wakampiga bega wakaenda zao. Akaketi tena, akaushika mfundo wa tai kwa vidole viwili, akaniuliza kama bado imekaa sawa.

Tangu usiku ule nimekuwa na itikadi moja ambayo nimeitetea katika kila kamati iliyonipa nafasi, nayo ni kwamba mchekeshaji hunyimwa hata siku ya heshima yake ile stahiki ambayo watu wengine hupewa bila kuiomba. Mwalimu akitunukiwa haambiwi asomeshe. Mganga akivishwa nishani haletewi mgonjwa jukwaani. Lakini mchekeshaji hudaiwa kicheko tangu anaposhuka garini, na asipokitoa watu hunong'ona kuwa amezeeka au ameingiwa na kiburi. Hata Charlie Chaplin, aliyeondoka Marekani mwaka 1952 na kuzuiwa kurudi, alipoitwa tena mwaka 1972, akiwa mzee wa miaka 82, kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na hadhira ikasimama ikampigia makofi kwa dakika nyingi hata maneno yakamkwama, hakuachwa aondoke hivi hivi: aliletewa kofia na bakora yake ya zamani, naye akaichezesha kofia. Wengi huliona jambo lile kuwa tamu, nami silikatai. Lakini kila nilikumbukapo huwaza mkono wa mzee yule ukiipokea kofia.

Kuchekesha ni kazi kongwe katika nchi zetu, na wazee walijua kuithamini kwa njia zao. Pwani ilikuwa na hekaya za Abunuwasi, ambaye asili yake ni mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, na ambaye katika masimulizi yetu humshinda sultani kwa hila na maskhara. Bara ilikuwa, na ingali, na utani, ambao kwa maoni yangu ndio chuo cha kwanza cha wachekeshaji wetu: mtani ndiye aliyepewa ruhusa msibani ya kuiga mwendo wa marehemu, kulizuia jeneza njiani mpaka alipwe, hata kushuka kaburini na kugoma kutoka, na wafiwa ambao machozi hayajawakauka hucheka na kuingiza mikono mifukoni. Nataka msomaji aliangalie hilo la mifuko. Mtani haondoki msibani bila haki yake, na hakuna amwonaye kuwa mlafi kwa kuidai.

Kisha vikaja vichekesho vya shule na vya mitaani wakati wa ukoloni, michezo mifupi isiyoandikwa, ambamo waigizaji waliafikiana kisa tu na maneno yakazaliwa palepale mbele ya watu. Kisha redio, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawafikisha Pwagu na Pwaguzi katika vibanda vya bara ambavyo havijawahi kuona jukwaa. Kisha vikundi vikubwa vya jijini, kama Muungano ya Norbert Chenga iliyoanzishwa mwaka 1980 na Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ya mwaka 1992, ambavyo kwa kiingilio kimoja vilimpa mtazamaji ngoma, sarakasi, taarabu, igizo na kichekesho hadi usiku wa manane. Mzee wetu wa Mandewa alitoka katika malezi ya namna hiyo. Kikundi chake sikitaji, maana ana madai nacho ambayo hayajalipwa, na mimi si kadhi.

Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ina mwarobaini mbele ya mlango, na kuku wanaoingia na kutoka bila kuulizwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu ndani upepo usikupeleke Shinyanga," kisha akamwita mkewe, ambaye mtaa wote humwita Bibi, alete sanduku. Lilikuwa sanduku la bati, limepigwa rangi ya kijani, na ndani yake mlikuwa na maleba yote ya maisha yake: kanzu yenye viraka ambavyo vyote vilishonwa juu ya kitambaa kizima kisichokuwa na tundu lolote, kiatu kimoja chenye soli nene na mwenziwe chenye soli nyembamba, kibaraghashia kidogo mno kwa kichwa cha mtu mzima, na mto wa tumbo.

Mto huo niliutazama kwa muda mrefu. Ulijazwa sufi, umekatwa kwa umbo la nusu mwezi, na mikanda yake haikuwa miwili kama nilivyodhani bali minne, miwili ya juu ikikutana msalaba mgongoni na miwili ya chini ikiachwa legevu kwa makusudi. Nikamwuliza sababu ya ulegevu ule. Akainuka, akaufunga juu ya shati lake, akatembea hatua tatu akasimama ghafla. Na tumbo, ambalo mikanda yake ya chini ilikuwa haijakaza, likaendelea mbele peke yake, likasita, kisha likarudi. Akanieleza kuwa kicheko hakitoki kwenye ukubwa wa tumbo, maana matumbo makubwa watu wanayaona sokoni kila siku, bali hutoka katika kule kuchelewa kwake, na kwamba Bibi alikata na kushona na kufumua mara nyingi kabla ya kukipata kipimo. Vivyo hivyo kuanguka: paja kwanza, kisha ubavu, kisha bega, na mkono usitangulie kamwe, kwa kuwa mtu aangukaye kwa mkono huonekana amejihami, na hadhira haimcheki mtu aliyejihami. Alisema hayo yote bila tabasamu, kama fundi aelezavyo kazi yake, na nilisikitika kuwa wale wageni wa chumba cha nyuma hawakuwapo wakamsikia.

Usiku huo, juu ya wali na kuku wa Singida aliyepikwa kwa nazi ya kuagizia kutoka mbali, mazungumzo yalihamia kwa waliotangulia. Tulimtaja Amri Athuman, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, aliyepanda jukwaani angali mtoto na kuliacha tu kwa maradhi, akafariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mzee akanikumbusha jambo ambalo watu wengi wamelisahau upesi: katika miezi ya kuugua kwake, baada ya safari ya matibabu nchini India, ilidhihiri kuwa uso ule uliouza bidhaa katika matangazo mengi ulikuwa umefungwa katika mikataba isiyomnufaisha mwenye uso, hata waziri aliyesimamia sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Tukamtaja Said Ngamba, Mzee Small, aliyetutoka Juni 2014 baada ya kuugua muda mrefu. Na Benson Wanjau wa Nairobi, Mzee Ojwang wa Vitimbi, Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi wasiisadiki asili yake, aliyefariki Julai 2015. Nikamsimulia mzee jinsi tuzo za wachekeshaji zilivyofanyika Dar es Salaam Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Alifurahi kwa dhati. Kisha akauliza kama watunza maleba nao waliitwa.

Asubuhi yake kamati ilikutana chini ya mwembe wa shule. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa kike mwenye sauti ya upole na msimamo usioyumba, na vijana walikuwa wameandika ratiba safi, ambayo kipengele chake cha tano kilisomeka: Babu kuchekesha, dakika 20. Nikaeleza itikadi yangu kwa urefu niliokuwa nao, na vijana wakanisikiliza kwa adabu lakini sikuwaingia. Kwao, kumheshimu Babu bila kumwona akianguka hata mara moja ilikuwa dhuluma kwa wale waliozaliwa baada yake. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwishowe mwalimu akasema kwamba mwenye shughuli yupo nyumba ya tatu kutoka pale, na hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Tukaenda wote. Mzee aliisoma ratiba yote tangu juu hadi chini, akairudisha, akasema, "Wanangu, bwana harusi hapiki pilau la harusi yake." Kisha akaongeza shauri ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyelifikiria: katika mchoro wa jukwaa ameona kiti kimoja, naye hatakaa mpaka viwe viwili. Hapo ndipo nilipotambua kuwa mimi pia, pamoja na hotuba zangu zote, nilikuwa nikipanga heshima ya mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili.

Jioni upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba vijana sita walishika pembe za turubai muda wote wa shughuli, na spika zikapoteza nusu ya maneno ya diwani. Viti vya plastiki havikutosha. Watu waliketi juu ya mawe ambayo Singida haijawahi kupungukiwa, na watoto wakapanda ukutani. Mzee alipopewa kipaza sauti, akiwa amevaa kanzu nyeupe isiyokuwa na kiraka, watu walicheka kabla hajafungua kinywa, kwa mazoea tu, kwa kuwa ameinuka. Akangoja. Wakacheka kule kungoja kwake. Akaanza kusimulia habari za mwenzake wa jukwaani, aliyekuwa akimjibu katika kila mchezo, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusimama imara na kuuliza swali la maana ili yeye apate kulipotosha. Akasema kuwa kicheko ambacho watu walidhani ni chake kilikuwa kikiandaliwa na yule, ambaye hakuna aliyemjua jina, na ambaye alizikwa bila kutangazwa popote. Hapo katikati, sijui ni katika sentensi ipi, watu waliacha kucheka wakaanza kusikiliza. Alilitaja jina la mwenzake mara mbili, polepole, ili wenye kuandika waandike, na niliona mwalimu akiandika.

Aliyechekesha usiku ule alikuwa Bibi. Mshereheshaji alimpa kipaza sauti kwa jamala tu, akitarajia neno la shukrani, naye akakishika kwa mikono miwili akasema, "Tumbo mlilokuwa mkilicheka nililishona mimi kwa sufi ya godoro letu. Yeye akawa anaanguka jukwaani kwa raha zake. Mimi nikirudi nyumbani nalala juu ya chaga." Ukumbi usio na kuta ulilipuka. Vijana wa turubai waliachia pembe moja, ikapeperuka, na hakuna aliyejali. Nami nilimtazama mzee, ambaye miaka yote hiyo alikuwa upande wa pili wa kicheko: alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, anajifuta macho kwa ncha ya kanzu, na kila alipotaka kuinua kichwa akamtazama mkewe akainama tena. Bibi, baada ya kuona amelipata soko, akaendelea kwa kitambo kirefu kupita ratiba yote.

Siku iliyofuata, wakati ninafunga begi, walikuja vijana wanne pamoja na mwalimu. Walitaka Babu awafundishe: kuanguka, kungoja, na ile hesabu ya tumbo. Nilidhani atakubali pale pale kwa furaha, lakini aliwakaribisha waketi, akamwambia Bibi alete chai, kisha akaniagiza nitoe daftari. "Huyu mwanangu anajua kuandika," akasema. "Tuandikiane."

Nikaandika, huku wakijadiliana sharti baada ya sharti. Mafunzo yatakuwa kila Jumamosi alasiri. Maleba ya sandukuni yatabaki mali ya mzee na Bibi, na yatakayoazimwa yatarudi yakiwa yamefuliwa. Mchezo wowote wa mzee utakaoonyeshwa mbele ya watu utatangazwa kuwa ni wake na wa yule mwenzake, kwa majina yote mawili. Katika mapato ya mlangoni, mzee atapata fungu lake kabla ya vijana kugawana. Kijana mmoja aliuliza kwa heshima, "Babu, hata sisi watoto wako?" na mzee akamjibu kuwa hasa wao, maana siku moja watamwandikia mtu mwingine, na wakijifunza kuandika vibaya kwake wataandika vibaya maisha yao yote. Sharti la mwisho lilihusu Bibi, kwamba atashona maleba mapya, na kikundi kitamlipa ujira wake kikipata.

Nilisoma yote kwa sauti. Mzee akalichukua daftari, akalisogeza mbele ya macho yake, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Hapa pana kosa, mwanangu," akasema. "Futa hilo 'kikipata'."

Nikalifuta, na vijana wakatia saini mmoja baada ya mwingine, Bibi akiwa wa mwisho, baada ya kuuliza sufi italetwa lini.